Hans Cory, Mtu Aliyezitia Sheria za Wazee Katika Karatasi

Mwananchi wa Bariadi akifiwa na baba yake, akaondoka na kwenda katika Mahakama ya Mwanzo kudai haki yake katika ng'ombe na shamba alivyoviacha marehemu, mojawapo ya maswali ya kwanza ni hili: marehemu aliishi kwa mila gani? Likiisha jibiwa swali hilo, hakimu hana haja ya kupanda baiskeli akatafute mzee wa kumfundisha mila hiyo yasemaje. Huifungua karatasi. Katika karatasi hiyo, iliyotangazwa na Serikali mwaka 1963, mila imepangwa kwa nambari, kanuni baada ya kanuni, kama vile sheria nyingine zote za nchi. Watu wengi mno wamepata na kukosa mali kwa kanuni hizo, wala hawajapata kulisikia jina la mtu aliyesimamia kuziandika. Mtu huyo ni Hans Cory. Wanafunzi wa sheria wanamjua, na wenye kuchunguza mila za makabila wanamjua. Lakini mkulima wa pamba wa Dutwa na mfanyakazi wa kinu cha pamba, ambao maisha yao aliyagusa kuliko alivyoyagusa ya wanafunzi, hawamjui. Ndiyo sababu habari zake zastahili nafasi katika ukurasa huu.

Hakuzaliwa na jina hilo la Cory. Alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, akaitwa Hans Koritschoner. Alikuja Afrika ya Mashariki, akaishi hapa miaka mingi, na kwa muda mrefu kazi iliyomlisha ilikuwa ya mashamba ya mkonge. Mahakama ilikuwa mbali naye. Hata hivyo mtu huyo alikuwa na udadisi wa ajabu. Wazungu wenzake wa mashambani, jioni ikifika, walikaa barazani kwao wakazungumza bei ya mkonge. Yeye alikwenda kwenye ngoma. Alitaka kujua wimbo huu wasemaje, dawa hii yatibu nini, kijana huyu anaingizwa jandoni kwa maneno gani. Jambo hilo lilimfanya aonekane mtu wa kioja machoni pa wengi.

Mwandishi mashuhuri wa Marekani, Ernest Hemingway, alipokuja Tanganyika kuwinda kati ya mwaka 1933 na 1934, alikutana naye. Katika kitabu chake cha safari ile, kilichotoka mwaka 1935, alimtia ndani kwa jina la kubuni, Kandisky: mtu wa Austria ambaye lori lake limeharibika njiani, na ambaye badala ya kuhangaikia lori anapenda zaidi kuzungumza juu ya vitabu na ngoma za wenyeji. Basi watu wa nchi za mbali walimjua kwanza kwa sura hiyo ya masihara. Lakini mwaka uliofuata, 1936, jarida la wataalamu la London lilichapa makala yake, kwa jina lake la kwanza la Koritschoner, juu ya ngoma ya sheitani, yaani ngoma ya kuwatibu watu waliopandwa na pepo. Makala hiyo iliwaonyesha wataalamu wa Ulaya kwamba yule bwana wa mkonge alikuwa akisikiliza kwa makini kuliko walivyodhani.

Ili kuelewa jinsi mtu wa namna hiyo alivyofika hata kuwa mwandishi wa sheria, yatupasa kutazama kidogo hali ya sheria ilivyokuwa katika nchi yetu wakati wa Waingereza. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliuweka utawala uliopitia kwa watemi na machifu. Mwaka 1929 ikatungwa sheria ya mabaraza ya wenyeji. Kuanzia hapo mwananchi aliishi chini ya sheria mbili. Mtu akiua, alishtakiwa kwa sheria ya serikali. Na sheria hiyo ya jinai haikutoka kwa wazee wetu wala kwa wazee wa Waingereza moja kwa moja, kwa maana mpaka mwaka 1930 nchi hii ilitumia sheria ya jinai ya Bara Hindi, kisha ikapewa nyingine ambayo asili yake ni jimbo la Queensland huko Australia. Msukuma wa Itilima alihukumiwa kwa maneno yaliyotungwa kwa ajili ya walowezi wa Australia! Lakini mtu yule yule akigombana na mkwewe juu ya mahari, au akidai fidia ya ugoni, au akimshtaki jirani ambaye ng'ombe wake wamekula mtama, alikwenda kwa mtemi wake, naye mtemi alihukumu kwa mila.

Mila hiyo ilikuwa wapi? Ilikuwa katika vichwa vya wazee. Jambo hilo lilikuwa zuri maadamu wote walioketi barazani waliijua. Lakini chini ya utaratibu wa Mwingereza, mtu asiyeridhika na hukumu ya mtemi alikata rufani kwa Bwana Shauri, na kutoka kwa Bwana Shauri kwa mkubwa wa Jimbo. Sasa tazama: Bwana Shauri ni kijana aliyetoka Uingereza juzi, kesho atahamishiwa Songea au Tanga, na leo anaambiwa aseme kama watoto wa ndoa isiyotolewa mahari ni wa baba au wa ukoo wa mama. Atajuaje? Atamwuliza karani, na karani atamjibu kadiri anavyojua, au kadiri anavyopenda. Na mtemi naye, ambaye ndiye hakimu, ndiye mkusanya kodi, ndiye mwenye askari, aliweza kusema leo kuwa mila ni hivi na kesho kuwa mila ni vile, wala hapakuwa na mahali pa kumshika.

Ndipo Serikali ilipomwona yule bwana wa ngoma. Katika miaka ya 1940, akiwa sasa anatumia jina la Cory, aliwekwa kuwa mtaalamu wa Serikali wa mambo ya jamii na mila. Kazi yake kubwa ya kwanza katika sheria ilikuwa Buhaya, na mwaka 1945, pamoja na ofisa mmoja wa serikali aitwaye Hartnoll, alitoa kitabu cha sheria za mila za Wahaya. Kisha akageukia Usukuma.

Usukuma wa siku zile haukuwa chini ya mtemi mmoja. Ulikuwa himaya zipatazo 50, kubwa na ndogo, zilizotawanyika katika wilaya za Mwanza, Kwimba, Maswa, Shinyanga na Geita. Nchi ambayo leo ni Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, kwa sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa. Na Bariadi yenyewe ni nchi ya utemi wa Ntuzu. Jirani zake ni Itilima na Kanadi. Baada ya vita vikuu vya pili watemi wote hao waliunganishwa katika shirikisho lililokuwa na makao yake Malya. Shirikisho lilipoanza kukutana, shida ilijitokeza mara moja: mila za Ntuzu na mila za Shinyanga ni ndugu lakini si pacha. Mtu wa huku akioa kule, na ng'ombe wakatoka huku wakaenda kule, na ndoa ikavunjika, ng'ombe watarudi kwa hesabu ya nani?

Cory aliifanya kazi yake kwa miguu na kwa masikio. Desturi yake ilikuwa kukaa na watemi, wanangwa na wazee, akaleta jambo moja moja mbele yao, kama vile mtu anayechambua pamba, akauliza: na ikiwa mke alikimbia kabla ya kuzaa? Na ikiwa amezaa mtoto mmoja? Na ikiwa baba wa mke amekwisha wauza ng'ombe wale? Wazee wakabishana. Walipokubaliana akaandika. Walipotofautiana akaandika kuwa himaya hii yafanya hivi na ile yafanya vile, au akawashawishi washike njia moja. Hilo la mwisho ni jambo la kuangaliwa sana, nasi tutalirudia, kwa kuwa mtu anayewashawishi wazee washike njia moja hakika ameacha kuwa karani. Amekuwa mtungaji wa sheria.

Kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma kilitoka mwaka 1953. Nani asiyejua kwamba kwa Msukuma ng'ombe ndiye shahidi wa ndoa? Basi sehemu kubwa ya kitabu ni habari za ng'ombe. Aliyekwa, yaani aliyetoa mahari, watoto ni wake na wa ukoo wake. Aliyekaa na mwanamke pasipo kukwa, watoto ni wa upande wa mama, mpaka baba awakomboe kwa ng'ombe. Kwa mtu asiyejua, hayo yaonekana kama biashara. Lakini yeyote aliyekaa Usukuma anajua kuwa chini ya hesabu hiyo kuna swali zito kuliko yote, nalo ni la nani atamlea mtoto huyu, nani atamwoza, na nani atamzika. Cory aliliona, na kwa hilo anastahili sifa. Hakuwaandika Wasukuma kama watu wasio na sheria. Aliwaandika kama watu wenye sheria nyingi, zenye sababu zake.

Wakati huo huo aliendelea na mapenzi yake ya zamani. Mwaka 1951 alitoa kitabu juu ya taratibu za kumsimika mtemi wa Kisukuma. Mwaka ule ule wa 1953 alitoa kingine juu ya michoro ya ukutani ya chama cha wacheza nyoka, ambao Usukuma wote wawajua kwa ngoma zao baada ya mavuno. Mwaka 1955 zikatoka, kwa Kiswahili, sheria na kawaida za Wanyamwezi. Mwaka 1956 alichapisha kitabu juu ya sanamu ndogo za udongo zinazotumika kuwafundishia vijana jandoni na unyagoni. Na sanamu nyingi alizozikusanya zilihifadhiwa katika makumbusho ya Dar es Salaam. Ni vitu vya thamani. Pengine mtu aweza kuuliza kama wenyewe walioziweka siri sanamu hizo walipenda zitazamwe na kila mpita njia kwa kiingilio. Lakini hayo tuyaache.

Turudi kwenye sheria. Kitabu cha 1953 kilikuwa na faida gani kwa mtu wa chini? Hapa yapasa kusema mambo mawili bila kuficha moja. Kwanza, kilimpunguzia mtemi nafasi ya kuigeuza mila kama apendavyo. Mila ikiisha andikwa, rufani ina kitu cha kushikilia. Pili, kiliandikwa kwa Kiingereza. Bwana Shauri aliweza kukisoma, na mtemi aliyesoma Tabora aliweza kukisoma. Lakini yule mama wa Ntuzu aliyefukuzwa na shemeji zake hakuweza, wala mtoto wake, wala karibu mtu yeyote wa kijiji chake. Sheria yake ilikuwa imeandikwa, naye alikuwa mbali nayo kuliko zamani, maana zamani angalau aliweza kumwendea mzee akamwuliza kwa Kisukuma.

Tena kuna jambo la wakati wenyewe. Miaka ile ya 1950 Usukuma ulikuwa unachemka. Mpango wa maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulikuja na amri nyingi: matuta, mihogo, josho, kupunguza ng'ombe. Amri hizo zilipitishwa kwa jina la watemi na mabaraza yao, na aliyezivunja alipelekwa katika mabaraza yale yale yaliyohukumu mambo ya mahari na urithi. Basi mkulima aliona sheria ya wazee wake na amri ya mkoloni zimekaa kiti kimoja. Mwaka 1954, mwaka ambao TANU ilizaliwa, Cory alitoa kitabu kingine juu ya mfumo wa utawala wa asili wa Wasukuma, pamoja na mapendekezo ya kuurekebisha ili watu wa kawaida nao wapate sauti katika mabaraza. Katika mwaka huo huo Serikali ya mkoloni iliizuia TANU kufungua matawi Usukuma, na zuio hilo likadumu mpaka 1958, mwaka wa ghasia za Geita. Mtu aweza kusema kuwa Cory alitaka kuitengeneza nyumba ambayo wenyewe walikwisha amua kuihama.

Hata hivyo kitabu kile cha 1954 kina hazina ambayo faida yake ilionekana baadaye sana. Kinaeleza kwamba chini ya mtemi, na kabla ya askari wa mtemi, kijiji cha Kisukuma kilikuwa na viungo vyake vya kulinda amani. Walikuwapo banamhala, yaani wazee. Walikuwapo basumba batale, viongozi wa vijana, walioweza kuitisha watu kulima pamoja, kufukuza wezi, na kumtenga mtu mkaidi asipewe moto wala maji mpaka ajirudi na kulipa faini ya mnyama. Jinai kwao ilikuwa kosa juu ya jirani kwanza, na dawa yake ilikuwa fidia na upatanisho. Gereza hawakulijua. Viungo hivyo Mwingereza hakuvipa nafasi kubwa, maana yeye alitaka mtu mmoja wa kumpa amri, naye ni mtemi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, wengi wangalitazamia kwamba mzee huyu, aliyekwisha kuitumikia serikali ya kigeni, angefungasha mizigo yake aende zake. Hakwenda. Serikali ya wananchi ilimpa kazi kubwa kuliko zote alizopata kufanya: kusimamia kuziunganisha sheria za mila za nchi nzima. Sababu yake yaeleweka. Taifa jipya lenye makabila zaidi ya 120 lingewezaje kuwa na sheria 120 za ndoa? Uingereza na nchi nyingine za Afrika zilikuwa zikizungumza wakati huo juu ya kuandika mila za kila kabila mbalimbali. Tanganyika ilichagua njia ya ujasiri zaidi: kuchukua makabila yanayohesabu ukoo kwa upande wa baba, kama Wasukuma, Wanyamwezi, Wahaya na wengine wengi, kuwaweka wazee na wajumbe wao pamoja, na kutafuta sheria moja watakayoikubali wote. Waluguru, Wamakonde na wengine wanaohesabu ukoo kwa mama hawakuingizwa katika hesabu hiyo.

Ilikuwa kazi ya safari, vikao na majadiliano, wilaya kwa wilaya. Pale ambapo huko Usukuma miaka kumi nyuma aliwashawishi watemi wa himaya 50, sasa aliwashawishi wajumbe wa makabila kadha wa kadha. Mwaka 1963 matunda yakaonekana. Tangazo la Serikali namba 279 lilitoa sheria zinazohusu hali ya watu: mahari, ndoa, talaka, watoto. Tangazo namba 436 la mwaka ule ule likatoa sheria za ulinzi wa watoto, urithi na wosia. Safari hii zilitoka kwa Kiswahili. Wizara ya Sheria ilikuwa mikononi mwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye miaka tisa nyuma aliwapa Waswahili kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Si ajabu kwamba chini yake mila ilipata lugha ambayo wenye mila waliweza kuisoma. Sheria hizo zilianza kutumika katika wilaya kwa kadiri Halmashauri zao zilivyozikubali.

Mwaka huo wa 1963 ndio uliobadilisha kila kitu katika mahakama zetu. Utemi uliondolewa. Mabaraza ya wenyeji yakavunjwa, zikawekwa Mahakama za Mwanzo, za Wilaya, na Mahakama Kuu, katika mti mmoja wenye shina moja. Hakimu hakuwa tena mkusanya kodi. Bila ile kazi ya Cory, mahakimu vijana wa mahakama hizo mpya, waliotumwa kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, wangalikuwa katika shida ile ile ya Bwana Shauri.

Basi na tuzitazame kanuni zenyewe, kwa maana sifa ya mtunga sheria imo ndani ya sheria yake. Ziko ambazo kwa siku zile zilikuwa hatua kubwa mbele. Kanuni zilisema kuwa ndoa haibatiliki kwa sababu tu mahari haikulipwa. Mjane hakuweza kulazimishwa kurithiwa na nduguye marehemu. Aliulizwa na baraza la ukoo, na akikataa, amekataa. Haya wazee wengi wasingaliyakubali kwa urahisi, na hapa ndipo yule mshawishi alipofanya kazi njema.

Lakini tazama urithi. Warithi waliwekwa katika daraja tatu. Daraja la kwanza ni mtoto mwanamume wa kwanza wa nyumba kubwa. La pili ni wana wengine wa kiume. La tatu ni mabinti. Kanuni ya 20 iliamua kwamba mwanamke aweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo aweza kuitumia maisha yake lakini hawezi kuiuza, ila kama ukoo hauna mwanamume hata mmoja. Na kanuni ya 27 ikaamua kwamba mjane hana fungu katika mali ya mumewe kama marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza wao.

Nani aliyeulizwa kabla ya kuandikwa maneno hayo? Watemi walikuwa wanaume. Wazee walioketi barazani walikuwa wanaume. Mwandishi alikuwa mwanamume, na dola zote mbili zilizomtuma, ya kigeni na ya wananchi, zilikuwa mikononi mwa wanaume. Hatusemi kwamba Cory aliwabunia wanawake dhuluma, aliikuta. Kosa, kama ni kosa, li mahali pengine. Mila katika kinywa cha mzee ni kitu kinachopinda. Mzee wa Ntuzu aliyemwona binti wa marehemu amemwuguza baba yake miaka sita, huku kaka zake wamekwenda mjini na hawajaleta hata kipande cha sabuni, aliweza kusema kikaoni: huyu tumpe ng'ombe kumi na hili shamba, na ukoo ukanyamaza. Aliuvunja utaratibu, lakini alikuwa ndiye utaratibu. Karatasi haina huruma ya namna hiyo. Hakimu akiisha soma daraja la tatu, amesoma.

Cory alifariki mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa mzee, baada ya kuishi nasi sehemu kubwa ya maisha yake. Mafaili yake mengi, ya mila, nyimbo, dawa, hukumu na hadithi, yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mpaka leo wachunguzi hufika kuyasoma. Mambo ya ndoa yaliyokuwa katika kanuni zake yalipitwa kwa sehemu kubwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Urithi haukuguswa.

Yaliyofuata baada ya kifo chake nayo ni sehemu ya habari zake, kwa kuwa maisha ya mwandishi wa sheria hayaishii kaburini. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 nchi ya Usukuma, Bariadi ikiwamo, ilisumbuliwa na wezi wa ng'ombe wenye silaha na, jambo la aibu zaidi, na mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi kwa sababu ya macho yao mekundu. Sheria ya uchawi iliyorithiwa kwa mkoloni haikuwaokoa bibi wale. Polisi walikuwa wachache na barabara mbaya. Mwaka 1982 wananchi wa pande za Kahama na Shinyanga wakajiunda wenyewe kwa pinde, filimbi na mbio, wakajiita Sungusungu, na upesi mwendo huo ukaenea Usukuma wote. Walikuwa na viongozi wao, walitoza faini za wanyama, walimtenga mkaidi asisalimiwe wala kuuziwa kitu. Mwenye kukifungua kitabu cha Cory cha 1954 angaliwatambua mara moja: ni ukoo wa basumba batale na banamhala, umerudi kwa jina jingine. Mahakama zilipata taabu nao, kwa maana wengine walipiga watu na kuwatesa, na sheria ya nchi haikuwajua. Mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili kuwapa nafasi. Kwa hiyo sehemu ile ya sheria ya wazee ambayo haikuingizwa katika kanuni za 1963 ndiyo iliyobaki hai vijijini, pamoja na ukali wake wote.

Ile iliyoandikwa nayo ilifikishwa mahakamani. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, alisikiliza rufani ya mama wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, na ndugu wakataka kulirudisha. Jaji alisema kuwa, kwa kuwa Katiba imeweka haki za binadamu tangu mwaka 1984, kanuni ya kumbagua mwanamke katika kuuza ardhi ya ukoo haiwezi kusimama, na tangu hapo wanawake na wanaume wawe sawa katika jambo hilo. Ni hukumu iliyosomwa nje ya mipaka yetu.

Lakini kanuni ya 27 haikuanguka. Mwaka 2005 wajane wawili, walionyimwa mali za waume zao na kutolewa katika nyumba zao, waliishtaki Serikali katika Mahakama Kuu ya Dar es Salaam, wakitaka kanuni hizo zitanguliwe. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kuwa zina ubaguzi, ila ikakataa kuzifuta, kwa hofu kwamba ikigusa mila moja italazimika kuzigusa zote. Ikashauri Halmashauri za Wilaya zizibadilishe zenyewe. Rufani yao ilikaa miaka, na mwaka 2010 ikatupwa kwa kasoro ya tarehe katika karatasi. Wajane wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake. Mwezi Machi 2015 kamati hiyo iliamua kuwa haki zao zimevunjwa, ikaitaka Serikali iwape fidia na kuzifuta au kuzirekebisha kanuni zile za mwaka 1963. Zilikuwa zimetimiza miaka 52, na walioketi na yule mzee wa Vienna kuzikubali walikwisha kufa karibu wote.